Bawa la nyuma linaongeza mbio au linazipunguza?

Swali limetoka kwa msomaji wa Nakuru. Nimelifupisha kidogo:

"Mwalimu, shikamoo. Nina Subaru Impreza ya saluni, turbo. Fundi wangu anataka kunifungia bawa kubwa la nyuma, lile la kusimama juu kama la Porsche GT3 RS. Anasema gari litakimbia zaidi kwa sababu litashika barabara. Binamu yangu anacheka, anasema bawa ni mzigo, litakula mafuta na kupunguza spidi. Halafu mbona magari yenye mbio kuliko yote, kama Bugatti, hayana bawa la namna hiyo? Nani anadanganywa hapa?"

Marahaba, mwanangu. Hakuna anayedanganywa. Fundi wako anazungumzia kona, binamu yako anazungumzia barabara iliyonyooka, na kila mmoja ana haki mahali pake. Tatizo ni kwamba wewe, kwa mwendo unaokwenda kati ya Nakuru na Nairobi, hupo mahali pa yeyote kati yao.

Tuanze na vumbi. Litazame gari la mkia mfupi, Vitz au Probox, likitoka kwenye barabara ya vumbi. Boneti iko karibu safi, ubavuni limepauka kidogo, lakini kioo cha nyuma kimefunikwa hadi huoni ndani. Vumbi lile halikulikimbiza gari, gari ndilo lililolivuta. Hewa inapita vizuri juu ya paa, lakini ikifika ukingoni inashindwa kukunja ghafla kufuata umbo la gari, basi inabanduka na kwenda zake. Nyuma pale linabaki shimo la shinikizo dogo, na hewa ya pembeni inaingia humo kuzungukazunguka pamoja na vumbi lake. Ndiyo maana magari ya umbo hilo hufungwa waipa ya nyuma ilhali saluni nyingi hazina.

Shimo hilo ndilo adui. Mbele hewa inalisukuma gari lirudi, nyuma shimo linalivuta lirudi, na hayo mawili yakijumlishwa ndiyo sehemu kubwa ya ukinzani wa hewa. Wengi hudhani ukinzani ni hewa kusugua bodi, na ndiyo maana utamsikia mtu anasema gari likipigwa wax linakwenda. Kusugua kupo, ila ni kidogo sana ukilinganisha na shimo.

Ukubwa wa ukinzani unategemea vitu vinne: uzito wa hewa yenyewe, ukubwa wa gari ukilitazama usoni, umbo lake, na mwendo. Umbo hupewa namba inayoitwa kigawo cha ukinzani. Toyota Prius iko kwenye 0.25 hivi, Hummer H2 kwenye 0.57. Lakini mkorofi hasa ni mwendo, kwa sababu unajizidisha wenyewe kwa wenyewe. Mwendo ukiwa mara mbili, ukinzani ni mara nne, na nguvu ya injini ya kuushinda ni mara nane. Chukua saluni yenye kigawo cha 0.33 na uso wa mita za mraba 2.2, ikiwa pwani. Kwa kilomita 100 kwa saa hewa inaivuta kwa kama kilo 34, uzito wa mtoto wa shule ya msingi aliyening'inia kwenye bampa, na nguvu farasi 13 zinatosha kumburuta. Kwa 200 zinakuwa kilo 137 na farasi 100. Kwa 300 ni kilo 308, na farasi wanaodaiwa ni kama 340, kwa hewa peke yake, kabla hujahesabu tairi na giaboksi. Ndiyo maana kutoka kilomita 100 hadi 200 kwa saa ni suala la injini nzuri, na kutoka 300 hadi 400 ni suala la mabilioni.

Sasa, hewa haikuvuti tu. Inakunyanyua pia. Paa la gari limebinuka juu na chini limenyooka, umbo ambalo ni binamu wa bawa la ndege. Hewa inayopanda juu ya paa inakwenda mbio, shinikizo lake linashuka, na gari linavutwa juu, hasa nyuma. Kwa kilomita 90 hutajua. Kwa 200 utajua, na pengine umechelewa. Audi walipotoa TT ya kwanza mwaka 1998, lilikuwa gari zuri la kutazama, mgongo laini kama kokoto ya mtoni. Kwenye barabara kuu za Ujerumani zikatokea ajali za mwendo mkubwa, nyingine za vifo, dereva akibadilisha njia au akipunguza mafuta ghafla mkia unamtoka. Kampuni ikayaita magari yarudi, ikayafungia spoila ndogo kwenye buti pamoja na mfumo wa kielektroniki wa kulidhibiti gari lisiteleze. Ukiona TT ya zamani yenye kipande kile kidogo nyuma, ujue si pambo.

Nimesema spoila, sikusema bawa, na hapa mafundi wetu huchanganya. Spoila ni ukingo uliokaa juu ya bodi yenyewe, hewa inapita juu yake tu. Kazi yake ni kuiharibia hewa starehe, kuipandisha shinikizo juu ya buti ili mkia usinyanyuke. Bawa limesimama peke yake, hewa inapita juu na chini yake, nalo ni bawa la ndege lililogeuzwa juu chini. Spoila inazuia kunyanyuliwa, bawa linakandamiza.

Spoila ninayoipenda kuliko zote ni ya Porsche 911 Carrera RS 2.7 iliyotoka mwishoni mwa 1972. Wajerumani waliiita Bürzel, mkia wa bata, na ukiiona utakubali jina. Kampuni ilihitaji kuuza magari 500 tu ili yaruhusiwe mashindanoni, ikaishia kutengeneza 1,580. Uzuri wa mkia ule ni kwamba ulipunguza sana kunyanyuka kwa nyuma bila kulipunguzia gari mbio. Hewa ilibanduka mahali pazuri zaidi kuliko mwanzo, shimo la nyuma likatulia. Mara chache sana hewa inakupa kitu bila kudai malipo, na ule ulikuwa mmoja wa mara hizo.

Bawa hudai malipo siku zote. Kwa nini basi mtu alipe?

Tairi hushika lami kadiri linavyokandamizwa. Ukitaka likandamizwe zaidi, pakia magunia mawili ya mahindi kwenye buti. Litashika zaidi, kweli, lakini kwenye kona magunia nayo yanataka kwenda moja kwa moja, na ni tairi lilelile litakalobeba kazi ya kuyageuza. Ulichokipata umekilipa papo hapo na chenji hukurudishiwa. Bawa linakandamiza bila kuongeza cha kugeuza. Hewa inayolikandamiza haimo ndani ya gari, haitaki kwenda moja kwa moja kwenye kona, na ukifunga breki huhitaji kuisimamisha. Hapo ndipo fundi wako ana haki.

Itazame hiyo GT3 RS aliyokutajia, ya kizazi cha 992. Porsche wanasema inakandamizwa kwa kilo 409 ikiwa kwenye kilomita 200 kwa saa, na kilo 860 ikiwa kwenye 285. Ukichukua 409 ukaipandisha kwa hesabu ile ya kujizidisha, unapata kama 830, kwa hiyo tangazo na fizikia vinapatana. Gari lenyewe lina kilo 1,450 hivi. Yaani kwa mwendo ule hewa imeliongezea zaidi ya nusu ya uzito wake. Ukilitazama kwa karibu, ukingo wa juu wa bawa umepita paa, na vishikio vyake vimelishika kutoka juu, vimepinda kama shingo ya bata maji. Si mbwembwe. Watu hudhani hewa inalikalia bawa kwa juu, kumbe kazi kubwa inafanyika tumboni, ambako hewa inapita mbio na kulifyonza bawa kwenda chini. Ukipachika nguzo tumboni umeliharibu mahali penyewe panapofanya kazi.

Malipo yake ni haya. GT3 ya kawaida ya kizazi hicho, ile ya 2021, ina farasi 510 na inafika kilomita 318 kwa saa ikiwa na giaboksi ya PDK, inayobadili gia yenyewe. RS ina farasi 525 na inaishia 296. Farasi 15 zaidi, kilomita 22 pungufu. Binamu yako angeruka kwa furaha. Lakini yapeleke yote mawili Nürburgring, mzunguko wa kilomita 20.8 wenye kona zaidi ya 70. GT3 ilipita kwa dakika 6 na sekunde 59.9, RS kwa dakika 6 na sekunde 49.3. Si bawa peke yake lililofanya hivyo, tairi na springi nazo ni tofauti, ila gari lenye mbio ndogo zaidi ndilo lililotangulia kufika.

Na si la kufunga bawa nyuma ukaishia hapo. RS imetoa buti lake la mbele lote, pakawekwa rejeta moja kubwa na njia za hewa za kukandamiza magurudumu ya mbele. Ukikandamiza nyuma pekee, mbele panakuwa pepesi, na usukani unakuwa kama mwiko kwenye uji. Bawa huwa limetokeza nyuma ya ekseli, kwa hiyo linafanya kama mtoto mnene kwenye pembea ya ubao: likishuka, upande wa pili unapanda. Tuseme liko sentimita 60 nyuma ya ekseli, na kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma kuna mita 2.5. Kilo 12 za mkandamizo zinaweka 15 nyuma na kuondoa 3 mbele. Impreza yako inavuta kwa magurudumu yote manne, utavumilia. Vijana wanaofunga mabawa kwenye Vitz, inayovuta na kugeuka kwa magurudumu ya mbele, wanapunguza palepale wanapohitaji.

Mzozo wa binamu na fundi ni wa zamani, na aliyeutatua vizuri kwanza alikuwa Mmarekani, Jim Hall wa Texas. Mwaka 1966 alitoa gari la mashindano, Chaparral 2E, bawa likiwa juu kuliko kichwa cha dereva kwenye nguzo mbili. Nguzo hazikushikwa na bodi. Zilishuka hadi kwenye vishikio vya magurudumu ya nyuma, ili mkandamizo uende kwenye tairi bila kupitia springi. Gari halikuwa na pedali ya klachi, hivyo mguu wa kushoto wa dereva ulikuwa umekaa bure. Hall akautafutia kazi: pedali ya kulilaza bawa. Barabara ikinyooka unakanyaga, bawa linalala, gari linateleza hewani. Ukikaribia kona unaachia, linainuka lenyewe. Formula 1 waliporuhusu bawa la kufunguka mwaka 2011, walikuwa wameurudia mguu wa kushoto wa dereva wa Hall baada ya miaka 45.

Kabla ya hapo walikuwa wameiga haraka kuliko walivyopiga hesabu. Mei 1969, kwenye barabara za Montjuïc, Barcelona, Lotus ya Graham Hill ilipita kwenye mwinuko, gari likawa jepesi kwa nukta, nguzo za bawa zikakunjika, akaenda kwenye kizuizi. Mizunguko michache baadaye mwenzake, Jochen Rindt, akiwa na Lotus ya aina ileile, alipatwa na jambo lilelile mahali palepale, akaivaa gari ya Hill iliyokuwa imekaa pale. Hill alitoka mzima, Rindt aliumia usoni. Wiki mbili baadaye huko Monaco mabawa yale marefu yakapigwa marufuku katikati ya mazoezi. Mashindano yenyewe akashinda Hill, bila bawa.

Nakukumbusha kisa hiki kwa sababu ya neno "kufunga" ulilotumia. Fundi atalifunga wapi? Akitoboa kifuniko cha buti na kukaza nati nne kwenye bati tupu, siku bawa litakapofanya kazi kweli, bati ndilo litakalokunjika. Na lisipofanya kazi, ulilinunua la nini?

Kuhusu Bugatti. Si kwamba haina bawa, ila inajua wakati wa kulificha. Veyron ya 2005, yenye farasi 1,001, ikishapata mwendo mkubwa hutoa bawa lake nje, na hapo haiendi zaidi ya kilomita 375 kwa saa. Ili ifike 407 ni lazima usimame, uingize ufunguo wa pili kwenye tundu lililo kushoto kwa kiti cha dereva. Gari linachuchumaa hadi karibu na ardhi, bawa linaingia ndani, kigawo cha ukinzani kinashuka kutoka 0.41 hadi 0.36. Ukikanyaga breki kwa nguvu, bawa linaruka juu kwa sekunde 0.4 na kusimama kama mlango uliofunguliwa dhidi ya upepo. Chiron iliyofikishwa kilomita 490 kwa saa huko Ehra-Lessien, Ujerumani, Agosti 2019, haikunyanyua bawa lolote. Ilirefushwa mkia, shimo la nyuma likafinywa. Koenigsegg wa Sweden wameamua kutobishana kabisa, wakatoa Jesko mbili. Moja ina bawa kubwa na mkandamizo wa zaidi ya tani moja, ya kona. Nyingine, Absolut, haina bawa, ina mapezi mawili madogo na kigawo cha 0.278, ya barabara iliyonyooka. Injini ni moja. Mteja anachagua ugomvi anaoutaka.

Turudi Nakuru. Bawa la dukani lina upana wa mita 1.3 na kina cha sentimita 20. Tuseme limetengenezwa vizuri na limekaa kwenye hewa safi. Kwa kilomita 80 kwa saa, pwani, linakandamiza kilo 8. Kwa 100 ni kilo 12, ndoo ya maji isiyojaa. Kwa 200 ni kilo 49, mfuko mmoja wa saruji, na hapo huna barabara, huna leseni, na mimi sitaki kuendelea kukujibu. Kwenu hewa yenyewe ni nyepesi, Nakuru iko kwenye mita 1,850 hivi, kwa hiyo ondoa karibu moja ya tano katika kila namba. Ukinzani nao unapungua kwa kiasi hichohicho. Ndiyo maana Formula 1 wakienda Mexico City, kwenye mita 2,240, hufunga mabawa makubwa kabisa waliyonayo na bado magari yanateleza.

Mafuta? Bawa zuri hulipisha kilo moja ya ukinzani kwa kila kilo tano hadi kumi za mkandamizo. Kwa mwendo wa safari utaona tofauti ndogo sana kwenye bili. Bawa baya, la faiba lililolazwa kwa pembe kali ili lionekane kwa mbali, ni habari nyingine. Pembe ikizidi, hewa inabanduka tumboni, mkandamizo unaanguka, ukinzani unapanda. Unaburuta ubao. Nimeshaona pia mabawa yaliyofungwa kinyume, tumbo likiwa juu, yale yanamnyanyua mwenyewe.

Usinielewe kwamba bawa kwenye Impreza ni upuuzi. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza yenye bawa, na kwenye mbio za rali bawa linafanya kazi hata gari likiwa hewani, linauzuia mkia usiyumbe. Lakini lile lilipimwa, likafungwa kwenye gari lililoimarishwa, mikononi mwa mtu wa aina yake. Pesa za bawa kwako ningezihamishia kwenye tairi nne nzuri. Zitakushikia kona ya Gilgil kuanzia kilomita 40 kwa saa, bawa likiwa bado limelala usingizi.

Kama bado unalitaka, basi kwanza tafuta hewa iko wapi. Nunua uzi wa sufi mweupe, ule wa kufumia sweta. Kata vipande vya urefu wa kidole, vibandike kwa selotepu safu tatu: ukingoni mwa paa, katikati ya kioo cha nyuma, na juu ya buti. Mtu akuendeshee gari polepole hadi 80, mwingine afuate pembeni akipiga video, asubuhi barabara ikiwa tupu. Mimi nilifanya kwenye Corolla yangu ya saluni, barabara ya Bagamoyo, Jumapili alfajiri. Nyuzi za paa zililala kama nywele zilizopakwa mafuta. Za katikati ya kioo zilitetemeka. Za chini karibu na buti zilizunguka hovyo, na tatu zilielekea mbele, kwa dereva, gari likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa. Hapo ndipo watu wengi huweka bawa.

Kisha simamisha fimbo nyembamba juu ya buti, ifungie nyuzi kila baada ya sentimita tano, urudie safari. Uzi wa kwanza kutulia, ukihesabu kutoka chini, ndio kimo cha kulisimamisha bawa lako juu ya buti. Kwangu ulitulia kwenye sentimita 25. Bawa nililokuwa nimeshalinunua lilikuwa na 12.